Mzigo wa Masisi, dhamana ya Mombasa

Anayeagiza mabati au mafuta ya kupikia kwa ajili ya Masisi kupitia Mombasa huogopa wenye silaha barabarani. Aiogope na dhamana ya forodha. Mzigo wa Kongo hupita Kenya na Uganda bila kutozwa ushuru kwa sababu wakala ameuwekea dhamana, nyuma yake ikiwa benki au kampuni ya bima. Dhamana hiyo hufutwa pale ofisi ya mpaka uliotajwa kwenye hati inapothibitisha kuwa lori limetoka. Bila uthibitisho huo, ushuru unadaiwa kwa wakala, naye ataudai kwako.

Basi chagua mpaka kabla hati haijafunguliwa. Bunagana imo mikononi mwa waasi wa M23 tangu Juni 2022, Goma tangu Januari 2025. Kasindi, mkabala wa Mpondwe ya Uganda, iko chini ya DGDA, forodha ya Kinshasa. Kwa mzigo wa Walikale, jirani ya Masisi, hiyo ni njia ya kuchosha: Beni, Mambasa, Kisangani, Lubutu, ndipo ufike, na waasi wa ADF wamevizia magari upande wa Beni mara nyingi. Goma ni karibu zaidi, lakini risiti ya AFC/M23, muungano wa waasi wanaoushika mji huo, usiitegemee ukivuka kuingia upande wa serikali. Panga bei ukijua huenda ukalipa ushuru mara mbili.

Vita vikilikuta lori njiani, tajiri asimwamuru dereva kwa simu ageuze njia. Kontena lenye rakiri ya kielektroniki hufuatiliwa, na likiacha njia yake hushukiwa kuwa bidhaa zinauzwa humo humo nchini. Wakala aombe kwa maandishi kubadilishiwa mpaka wa kutokea au kuongezewa muda, kabla muda wa hati haujaisha. Nakala yenye muhuri ibaki kwako pia, si kwake peke yake.

Bima nayo isomwe hadi maandishi madogo. Masharti ya London, yanayotumika sana kwa mizigo ya baharini, huvitoa vita na uasi nje ya bima ya kawaida. Unaweza kununua nyongeza ya vita, lakini kinga yake ni ya baharini: hukoma mzigo ukishashushwa kutoka melini, au siku 15 baada ya meli kufika bandari ya mwisho. Kutoka Sake kwenda juu Masisi haikusaidii chochote.

Hali ikichafuka, ghala la forodha Kampala ni afadhali kuliko foleni ya mpakani. Utalipia uhifadhi, ndiyo. Lakini Machi 2025 M23 waliingia Walikale mjini tarehe 19, na mapema Aprili wakaondoka. Majuma mawili ya ghala ni gharama ndogo kuliko kontena zima.

Na mwenye lori asipewe malipo yake ya mwisho mpaka alete uthibitisho wa kutoka mpakani.