Mtoto Akizaliwa Mfu: Huo Nao Ni Msiba

Somo la toleo hili linahusu jambo linalozungumzwa kwa nadra: mtoto anayezaliwa akiwa amekufa, na namna ya kuwasaidia wazazi wake.

Hapa Makoko na katika mitaa na vijiji vya kando ya ziwa, mtu mzima akifariki kila mmoja anajua la kufanya. Turubai linafungwa, wanaume wanakesha, akina mama wanaleta unga, dagaa na kuni, na katibu wa jumuiya anapitisha daftari la rambirambi. Mtoto akizaliwa mfu, mara nyingi hakuna turubai wala daftari. Wazee wawili watatu wanamzika haraka, mama akiwa bado wodini. Akirudi nyumbani anakuta nguo za mtoto zimekwisha kuondolewa. Majirani wanamwambia, "Usilie, utapata mwingine." Baba anarudi kazini kama kwamba hakufiwa.

Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, wakidhani kunyamaza kutamsaidia mama asahau. Lakini mama hasahau. Anabaki peke yake na msiba ambao hakuna aliyeutangaza.

1. Tuelewe jambo lenyewe

Katika takwimu zake, Shirika la Afya Duniani humhesabu mtoto aliyezaliwa bila dalili ya uhai katika wiki ya 28 ya mimba au baadaye. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watoto wapatao milioni 1.9 walizaliwa wafu duniani mwaka 2021. Zaidi ya 40 katika kila 100 walifariki uchungu ukiwa umekwisha kuanza. Maana yake ni kwamba wengi wangeweza kuokolewa kwa huduma nzuri na ya haraka.

Sababu zinazojulikana ni kama malaria, kaswende, shinikizo la damu na kifafa cha mimba, kutokwa damu kabla ya kujifungua, na uchungu pingamizi. Wakati mwingine sababu haipatikani hata baada ya uchunguzi. Hapa mkoani Mara tukumbuke pia ukeketaji. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba ukeketaji huongeza hatari ya mtoto kufa wakati wa kuzaliwa au mara baada ya hapo.

Kwa hiyo tukisikia watu wakisema kwamba mama amerogwa, amepatwa na chira, au ameadhibiwa kwa dhambi fulani, tuyakatae maneno hayo waziwazi. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kanuni nane za kuwahudumia wazazi waliofiwa namna hii. Ya kwanza ni kupunguza unyanyapaa. Jambo hilo halihitaji daktari. Linaanzia katika vinywa vyetu.

2. Yanayowapata wazazi

Mwili wa mama haujui kwamba mtoto amekufa. Siku chache baada ya kujifungua, maziwa hujaa. Kina mama wengi hawakuonywa, na siku hiyo huwa ngumu kuliko zote. Aambiwe mapema. Avae sidiria inayoshika vizuri, aweke kitambaa chenye maji baridi, na akiumia akamue kidogo tu ili apate nafuu, kwa sababu akikamua yote mwili hutengeneza mengine. Asifungwe kifua kwa nguvu.

Huyu ni mzazi kama wengine. Anahitaji uji, maji ya kuoga, kupumzika na kurudi kliniki. Akitokwa damu nyingi, akipata homa, maumivu makali ya kichwa, uchafu wenye harufu mbaya au titi jekundu lenye moto, apelekwe hospitali mara moja. Kadhalika, asipolala wala kula kwa wiki kadhaa, au akisema hataki kuishi, tusimwache peke yake, na tumpeleke kwa mtaalamu.

Baba naye amefiwa. Tumezoea kumwuliza, "Mama anaendeleaje?" tukasahau kumwuliza yeye. Wadogo waliokuwa wakimsubiri mtoto nao waelezwe ukweli kwa maneno mepesi. Wasiambiwe kwamba mtoto amelala au amesafiri.

3. Swali la ubatizo na maziko

Wazazi wengi huuliza: "Mtoto wetu hakubatizwa. Yuko wapi?" Katekista asiliogope swali hili. Ubatizo hutolewa kwa walio hai, ndiyo maana mtoto aliyezaliwa mfu habatizwi. Hata hivyo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatufundisha kuwakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Taalimungu ilitoa hati, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ikisema kuna sababu za kutumaini kwamba watoto wanaokufa bila ubatizo wanaokolewa.

Kuhusu maziko, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1183, inasema kwamba askofu wa mahali anaweza kuruhusu maziko ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza. Basi kamati isiseme "haiwezekani" kabla ya kumwuliza paroko.

4. Jumuiya ifanye nini?

1. Iutangaze msiba, kama wazazi wanapenda, na kuwaombea kwa majina yao.

2. Isiharakishe maziko bila kuwauliza wazazi. Mama aulizwe kwa upole kama anataka kumwona mtoto, kumshika au kumpa jina. Akikataa, asilazimishwe. Akitaka kuwepo mazikoni, asubiriwe kadiri inavyowezekana. Asipoweza, aonyeshwe kaburi baadaye.

3. Iangalie katiba ya mfuko wake wa misiba. Kama rambirambi hutolewa tu kwa aliyeandikishwa au kubatizwa, mtoto huyu ameachwa nje. Kifungu hicho kinaweza kubadilishwa katika mkutano mmoja.

4. Iwaombe WAWATA wapange zamu ya kupika, kufua na kuchota maji, na wanaume wawili waende kukaa na baba.

5. Isiondoe nguo za mtoto. Mama ataamua mwenyewe lini na wapi.

6. Irudi baada ya mwezi, na tena karibu na tarehe ya mwaka. Wageni wengi huisha baada ya wiki moja, lakini huzuni haiishi.

Maneno ya kusema si mengi. "Pole sana." "Mlimpa jina gani?" "Tuko pamoja nanyi." Tuache kusema "Mungu alimhitaji zaidi", au "Afadhali hukumzoea."

5. Tuzuie mengine

Mama mjamzito aanze kliniki mapema, apimwe damu, kaswende na shinikizo la damu, ameze vidonge vya kuzuia malaria kama anavyoelekezwa, na alale ndani ya chandarua chenye dawa. Akiona mtoto amepunguza kucheza, asisubiri kesho. Hapo ndipo nauli inapohusika. Fedha ya bodaboda au gari iliyowekwa tayari na jumuiya inaweza kuokoa saa ambazo familia ingezitumia kutafuta wa kumkopa. Tunawaomba wafadhili wetu waone kwamba mfuko mdogo wa namna hii ni kazi ya maendeleo kama kisima au darasa.

Maswali ya kujadiliana

- Je, katika jumuiya yetu kuna wazazi waliozika mtoto aliyezaliwa mfu bila sisi kwenda kuwapa pole? Twaweza kwenda sasa?
- Katiba ya mfuko wetu wa misiba inasema nini juu ya mtoto huyu?
- Mama akishikwa na uchungu usiku wa leo, nauli ya hospitali iko kwa nani?

Msiharakishe swali la kwanza. Huenda mwenye kuhusika amekaa katikati yenu, na amesubiri miaka mingi aulizwe.