Makovu ya Ndani Baada ya Upasuaji wa Tumbo
Kijitabu cha familia za Kombewa

Mama akirudi nyumbani baada ya kujifungua kwa upasuaji, jamaa huja na manyasi, yaani mitishamba. Huyu ameleta ogaka (mshubiri), yule mwarobaini, ili “kuosha tumbo” kovu lisibaki ndani. Wanaleta kwa upendo. Lakini familia inapaswa kujua ukweli kabla ya kuchemsha sufuria.

Kovu la ndani ni nini?
Utumbo na mfuko wa uzazi vimefunikwa na utando laini unaoteleza. Utando ukijeruhiwa, mwili huupaka utomvu unaonata. Kwa kawaida utomvu huo huyeyuka kwa siku chache. Usipoyeyuka, katika muda wa wiki moja hivi hugeuka nyuzi ngumu zinazogandamanisha viungo. Wengi waliopasuliwa wanazo na hawazihisi. Wachache hupata maumivu, ugumu wa kushika mimba, au utumbo kuziba, hata baada ya miaka mingi.

Je, mitishamba huzuia?
Hakuna mmea uliothibitishwa kwa binadamu kuwa huzuia au kuyeyusha nyuzi hizi. Dawa ya “kuosha” hupita ndani ya utumbo. Kovu limeshika nje yake. Ni kama kuosha bomba kwa ndani ilhali kutu iko nje.

Madhara yapo:
• Utomvu mchungu wa ogaka huharisha na kupunguza maji mwilini.
• Tangawizi na kitunguu saumu kwa wingi vinaweza kuongeza kutokwa damu.
• Majani yakibandikwa kwenye mshono huingiza vijidudu.
• Baadhi ya mitishamba hudhuru ini na figo, na inaweza kumfikia mtoto kupitia maziwa.

Kinachosaidia
Kazi kubwa ya kupunguza makovu hufanyika chumba cha upasuaji: kushika viungo kwa upole, kuzuia damu kuvuja, na kutumia matundu madogo inapowezekana. Nyumbani, mgonjwa atembee mapema kama alivyoelekezwa. Hilo huamsha utumbo na kuzuia damu kuganda miguuni. Kidonda kiwe safi na kikavu. Amalize dawa alizopewa. Amweleze daktari kila mtishamba anaotumia, bila kuona haya. Karatasi za upasuaji zitunzwe pamoja na kitambulisho. Zinaweza kuhitajika hata baada ya miaka kumi.

Dalili za utumbo kuziba
• Tumbo kukaza na kulegea kwa maumivu makali
• Kutapika, hasa matapishi ya kijani
• Tumbo kuvimba
• Kutopata choo wala kutoa hewa

Ukiziona, usimpe chakula, manyasi wala dawa ya kuharisha, na usimpige bomba. Mpeleke Hospitali ya Kombewa mara moja, iwe usiku au mchana. Akihitaji huduma zaidi, atapelekwa Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, tunayoiita Russia.

Baba, mama, dana: utumbo ulioziba hausubiri asubuhi. Anzeni safari.