Mwisho wa juma ziwani: Jihadhari na kichocho

Joto la Januari na Februari linapozidi, na pia shule zinapofungwa, familia nyingi za mijini hufunga safari kwenda Ziwa Victoria. Mara nyingi huwa ni jirani mmoja wa mtaani, mwenye nyumba pande za Mbita, Homa Bay au Usenge, anayewaalika wenzake. Jumamosi adhuhuri samaki wako motoni, wazee wamekaa kivulini, na watoto wa nyumba tatu wamo majini tangu asubuhi.

Hilo ni jambo jema. Mwili uliofanya kazi juma zima unahitaji kupumzika, na ujirani mwema hujenga afya. Makala haya hayakusudii kukukataza kwenda. Yanakusudia kukueleza kuhusu mgeni ambaye huenda mkarudi naye mjini bila kujua. Mgeni huyo ni kichocho, ambacho wengi hukiita bilhazia.

Jina hilo la pili latokana na Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyegundua minyoo ya ugonjwa huu jijini Cairo mwaka 1851. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu milioni 250 walihitaji dawa ya kuukinga mwaka 2021, na wengi wao wako Afrika.

Unavyoingia mwilini

Mayai ya minyoo hutoka na choo cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na kijidudu kinachotoka humwingia konokono mdogo wa majini. Baada ya majuma kadhaa konokono huyo huanza kutoa maelfu ya vijidudu vyenye mkia, visivyoonekana kwa macho. Hutoka kwa wingi kukiwa na mwanga, hasa karibu na adhuhuri, saa ile ile watoto wanayopenda kuoga. Hupenya ngozi kwa dakika chache tu, hata kama haina kidonda.

Kwa hivyo si lazima uogelee. Kuingia hadi magotini ili kupanda mashua, au kufua nguo ufuoni, kunatosha. Penye majani na maji yaliyotulia ni hatari zaidi, lakini hata maji ya mbali kidogo na ufuo si salama kabisa. Bahari haina kichocho, na kula samaki hakuleti ugonjwa huu.

Ndani ya mwili minyoo hukomaa na kukaa katika mishipa ya damu ya matumbo, ambako jike hutaga mayai kila siku. Madhara makubwa huletwa na mayai hayo. Mengine hayatoki nje bali hukwama katika matumbo na ini. Ugonjwa usipotibiwa, baada ya miaka mingi ini huwa gumu, tumbo hujaa maji, na mishipa ya koo la chakula huweza kupasuka mgonjwa akatapika damu. Aina nyingine ya kichocho, ipatikanayo zaidi Pwani kama vile Kwale na bonde la Mto Tana, hushambulia kibofu na kuleta mkojo wenye damu.

"Sisi tumeoga humu tangu utotoni"

Haya ndiyo maneno utakayoambiwa na mwenyeji wako, naye hasemi uongo. Mwili uliokutana na minyoo hii tangu utotoni haushtuki sana ukiipata tena, ingawa madhara yaendelea ndani kwa ndani. Mwili wa mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nairobi haujawahi kuiona. Kati ya juma la pili na la nane baada ya kuoga, aweza kushikwa na homa, kikohozi, maumivu ya tumbo, kuendesha na vipele vya kuwasha. Madaktari huiita homa ya Katayama.

Hapa ndipo penye hatari ya kupotea njia. Mzazi hununua dawa ya malaria dukani, homa inapungua kidogo, kisha inarudi. Ananunua ya taifodi. Mwezi unakwisha, mtoto amekonda na masomo yamezorota, na hakuna aliyekumbuka siku ile ya ziwani.

Baada ya safari, fanya hivi

Kwanza, homa yoyote inayoanza siku saba au zaidi baada ya kufika huko ichukuliwe kuwa malaria hadi ithibitishwe vingine. Eneo la ziwa lina malaria nyingi, na mtu wa Nairobi hana kinga ya kutosha. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Usinywe dawa kwa kubahatisha.

Pili, malaria isipoonekana, au homa ikirudi baada ya matibabu, mwambie daktari wazi: "Tulioga Ziwa Victoria tarehe fulani." Sentensi hiyo moja yaweza kuokoa majuma mengi ya kuhangaika.

Tatu, hata kama hakuna anayeugua, wote walioingia majini wapimwe choo kati ya juma la sita na la nane. Ukipimwa mapema zaidi, mayai huenda hayajaanza kutoka. Kwa kuwa huweza kuwa machache, ni afadhali kupeleka choo cha siku tatu tofauti.

Nne, usimeze dawa ya kichocho Jumapili jioni ukidhani umejikinga. Prazikwanteli, ambayo daktari huipima kwa uzani wa mgonjwa, huua minyoo iliyokomaa. Ile michanga huiacha. Ikitumiwa kwa wakati wake ni dawa nzuri sana, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza wapewe hata watoto wa miaka miwili katika maeneo yenye ugonjwa. Lakini haizuii kuambukizwa tena ukirudi majini.

Mkiwa huko

Watoto waogeshwe kwa maji ya kisima salama au ya mvua. Ikiwa ni ya ziwa, yachemshwe kisha yapoe, au yakae siku mbili katika tangi lisilo na konokono. Kujifuta kwa taulo haraka baada ya kulowa si kinga ya kutegemea. Maji ya kunywa yachemshwe, kila mtu alale ndani ya neti, na anayepanda mashua avae jaketi la kuokolea. Panapo watoto karibu na maji, mtu mzima mmoja ateuliwe kuwatazama, asiwe na kazi nyingine.

Nanyi wageni mtumie choo. Msijisaidie vichakani karibu na ufuo, kwani kichocho hakitoki ziwani chenyewe. Hupelekwa humo na binadamu. Mkipata nafasi, zungumzeni na wenyeji wenu kuhusu kuwapima watoto wao pia. Watoto wenu watarudi mjini Jumapili, lakini wao wataoga humo tena Jumatatu.

Sasa chukua kalenda ya nyumbani. Hesabu majuma sita tangu siku mliyooga, uitie alama tarehe hiyo, kisha umwambie na jirani.