Vipepeo Watembeao kwa Miguu Minne

Mvua zinapoanza kunyesha katika nchi ya Singida, mwezi wa Novemba au Desemba, majani huchipuka kati ya majabali, na baada ya siku si nyingi vipepeo huonekana wengi kandokando ya njia, penye madimbwi na katika mashamba. Wasomaji wetu huwaona kila mwaka, walakini ni wachache wenye desturi ya kuhesabu miguu yao. Kila mtoto wa shule amefundishwa kwamba mdudu ana miguu sita. Basi mwalimu na awape wanafunzi wake kazi hii: wamtafute yule kipepeo wa rangi ya chungwa lililoiva, mwenye ncha nyeusi za mabawa na madoa meupe, wamtazame akiwa ametua juu ya ua. Watahesabu miguu minne tu, nao watadhani kwamba miwili imekatika.

Haikukatika. Miguu ya mbele ipo, ila ni mifupi sana, imekunjwa kifuani, na kwa wengi wao ina manyoya kama ya brashi ndogo. Haifai kwa kutembea. Jike huitumia kwa kazi nyingine: akitaka kutaga, hulipigapiga jani kwa miguu hiyo, naye kwa njia hiyo hulionja, apate kujua kama ni jani litakalowafaa watoto wake. Sisi huonja kwa ulimi. Yeye huonja kwa mguu.

Jamaa hii ya vipepeo wataalamu huiita Nimfalidi, nayo ndiyo kubwa kuliko jamaa zote za vipepeo. Aina zake ni yapata 6,000, yaani karibu theluthi moja ya aina zote za vipepeo zijulikanazo. Wako katika kila bara, isipokuwa bara la barafu la kusini. Katika misitu ya Amerika ya Kusini wako wakubwa wenye mabawa ya buluu ing'aayo kama chuma kilichosuguliwa. Katika India wako wanaofanana kabisa na jani kavu, hata mishipa ya jani imechorwa juu ya mabawa, na wakifumba mabawa ndege hawaoni kitu. Katika Ulaya baadhi yao huingia mashimoni na ghalani wakati wa baridi, wakalala humo miezi mingi bila kula, wakatoka jua linaporudi.

Yule wa rangi ya chungwa tuliyemtaja kwanza ana sifa ya peke yake. Viwavi wake hula magugu yenye utomvu mweupe kama maziwa, ambayo mbuzi na ng'ombe huyaepuka kwa kuwa yana sumu. Kiwavi hadhuriki, bali huiweka sumu hiyo mwilini mwake, nayo hubaki hata atakapokuwa kipepeo. Ndege akimla hutapika, na tangu siku hiyo hataki tena rangi hiyo. Ndiyo sababu kipepeo huyu huruka polepole bila hofu. Yuko Afrika yote, na Asia ya kusini mpaka Australia. Wamisri wa kale walimchora katika kaburi la Nebamun yapata miaka 3,400 iliyopita, na picha hiyo ingaliko London.

Lakini pana mdanganyifu. Yuko kipepeo mwingine wa jamaa hiyohiyo ambaye hana sumu, na jike lake limevaa mavazi yaleyale: rangi ya chungwa, ncha nyeusi, madoa meupe. Ndege humwacha kwa kumdhania kuwa ni yule mwenye sumu. Dume lake halifanani naye hata kidogo, kwa kuwa ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na buluu. Mtu asiyejua hawezi kusadiki kwamba hao ni mke na mume. Wote wawili huonekana katika mashamba ya Singida wakati wa masika, na kwa maoni yetu hakuna somo la elimu ya viumbe lililo rahisi kupatikana kuliko hili, wala halina gharama.

Wengine wa jamaa hii ni wasafiri. Wale wa Amerika ya Kaskazini, ndugu wa karibu wa kipepeo wetu wa rangi ya chungwa, huondoka Kanada na Marekani kila mwaka wakaenda Mexico kukaa wakati wa baridi, mwendo upatao kilometa 4,000 kwa walio mbali. Yuko na mwingine, mwenye madoadoa mekundu, meusi na meupe, ambaye hukaa karibu dunia nzima. Hutoka Afrika, huvuka jangwa la Sahara na bahari mpaka Ulaya ya kaskazini, na wajukuu wake hurudi kusini. Zamani watu wa Ulaya walidhani kwamba hao hufia huko, kwa kuwa hawakuwaona wakirudi. Kumbe hurudi wakiruka juu sana, zaidi ya mita 500, mahali ambapo jicho halifiki. Na mwezi wa Oktoba 2013 wachache walionekana ufukoni katika Guyana ya Ufaransa, nao walikuwa wamevuka Bahari ya Atlantiki kutoka Afrika ya Magharibi, kilometa 4,200 au zaidi, kwa msaada wa upepo.

Katika misitu ya miombo, kama ile ya upande wa Manyoni, wako wenye nguvu na mbio, na wengi wao wana mikia miwili katika kila bawa la nyuma. Hawa maua hawayajali. Hunywa utomvu wa miti, maji ya matunda yaliyooza, hata kinyesi. Atakaye kuwaona karibu na aweke ndizi mbovu kivulini.

Sasa tuje kwa yule aletaye hasara, maana mkulima wa viazi vitamu hana budi kumjua. Ni mdogo, wa rangi ya chungwa, mwenye ukingo wa kahawia mabawani. Jike hutaga mayai ya manjano hafifu kwa mafungu, 100 mpaka 400 pamoja, juu ya majani ya viazi au chini yake. Viwavi wakianguliwa hukaa pamoja yapata majuma mawili ndani ya utando waliousuka juu ya majani. Kisha hutawanyika, wakawa weusi wenye ukijani na miiba laini mwilini. Mchana hujificha chini, na usiku hula. Hapo ndipo mwenye shamba huamka akakuta marando yamebaki mashina matupu, naye hamwoni mwizi. Viazi visivyo na majani havinenepi, na nyumba inayotegemea michembe wakati wa njaa itaona upungufu huo miezi mingi baadaye.

Dawa iliyo bora haina bei. Maisha yake tangu yai hata kipepeo ni siku 25 mpaka 50, na katika siku hizo adui yuko mahali pamoja wakati wa yale majuma mawili ya utando tu. Basi mtu apite kati ya matuta kila juma, hasa mvua zinapokwisha, ayachume majani yenye utando au mafungu ya mayai, ayachome moto au ayafukie. Watoto wanaweza kazi hiyo. Tena wako nyigu wadogo ambao hutaga ndani ya viwavi hawa na kuwaua. Anyunyizaye sumu ovyo huwaua nyigu hao pia, pamoja na nyuki. Na katika Singida, nchi ya asali na alizeti, kuua nyuki ni kujipunguzia mavuno mara mbili. Kama shamba limekwisha kushikwa na viwavi wamekwisha kutawanyika, na awatafute asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, chini ya majani makavu na katika nyufa za udongo karibu na mashina.