Mfuko Umejaa, Moto Unazimika

Jumamosi ile wenzake Mama wa chama walikuwa wafike saa saba mchana, nami nilikuwa nimetoka Rongo alfajiri kwenda kumsaidia. Nyumbani ni Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Wali ulipoanza kutokota, moto wa biogesi ukaanza kucheza: unapanda, unanywea, unapanda tena, kisha ukazimika. Nikauwasha. Ndani ya bomba nikasikia maji yakigugumia, kama mtoto anayekunywa chupani kwa pupa. Nikakimbia nje kuutazama mfuko wa mtambo. Ulikuwa umevimba, umekaza kama ngoma.

Hapo nilipandwa na hasira. Miezi miwili kabla, fundi wa waliomuuzia Mama mtambo alikuja, akalipwa nauli, akatazama jiko kwa dakika tano na kusema samadi haitoshi. Mama, na mgongo wake ule, akawa anabeba ndoo mbili zaidi za mavi ya ng'ombe kila asubuhi. Kisha duka moja likamuuzia kichujio kipya ambacho hakukihitaji. Hakuna hata mmoja aliyeinama kulikagua bomba.

Mfuko ukilegea, gesi ni haba. Mfuko ukikaza na jiko bado linakufa, njia imeziba, na mara nyingi kinachoziba ni maji. Biogesi hutoka mtamboni ikiwa imebeba mvuke. Usiku bomba linapopoa, mvuke huo hugeuka maji na kutuama popote bomba lilipobonyea. Gesi ya mfuko nayo haina nguvu ya kuyasukuma: ya Mama niliipima kwa neli angavu yenye maji, nikaona inainua sentimita 9 tu, tena asubuhi mfuko ukiwa umejaa pomoni.

Hatua ni tatu. Kwanza zima kila moto, fungua madirisha, funga koki ya mtamboni, ndipo ufungue bomba. Wenye mitambo mnayajua haya. Pili, bomba lisibonyee popote. Literemke angalau sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mahali pamoja tu, penye mtego wa maji.

La Mama lilikuwa limefukiwa, na udongo wa Lambwe ni ule mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi. Ulikuwa umelinyanyua bomba hapa na kulididimiza pale. Tulilifukua mimi na mpwa wangu, mita 14, tukaliweka juu ya nguzo za mti wa siala, nguzo moja kila mita moja na nusu. Tulipolikata sehemu iliyozama, yalimwagika maji meusi yenye harufu ya mayai viza, yakajaza kopo zima. Wageni walikuwa wamekwisha kwenda. Walikula saa tisa, wali wenye moshi wa kuni, na Mama alikuwa amewaambia wiki nzima kwamba watapikiwa kwa gesi. Uso wake siku ile sijausahau.

Tatu ni mtego wenyewe, na huo ndio ninaotaka muushike. Mtambo ulikuja na koki ya kumwagia maji. Koki husahaulika, watoto huichezea, na ikiwa ya shaba, gesi hii huila. Ukilazimika, nunua ya plastiki. Mimi niliiondoa. Kwenye sehemu ya chini kabisa ya bomba niliweka kiungio cha T kinachotazama chini, nikakiunga neli, na neli nikaitumbukiza ndani ya chupa ya soda ya lita 2 iliyojaa maji. Ubavuni mwa chupa, karibu na shingo, nilitoboa tundu. Ncha ya neli iko sentimita 20 chini ya tundu hilo. Kipimo hiki ndicho roho ya kazi: gesi yenye nguvu ya sentimita 9 haiwezi kutorokea humo, lakini kila tone linaloteremka bombani huingia chupani, na maji yaliyozidi hutokea tunduni yenyewe. Pima gesi yako kwanza, kisha zamisha neli mara mbili ya ulichokipata.

Kiangazi maji hukauka, kwa hiyo Mama huongeza kila Jumapili. Nilijaribu kuyafunika kwa mafuta ya kupikia, yakaelea na kutoka tunduni kabla ya maji. Tundu na mdomo wa chupa nimevifunga kwa kipande cha chandarua kuukuu, maana kwetu mbu hawahitaji pa kuzalia zaidi. Neli niliipata Rongo, kwa muuza vifaa aliyenikatia nusu mita bila kunilazimisha kununua bunda zima. Kwake nitarudi.

Mvua za Aprili zilipoanza, Mama alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, sauti imejaa wasiwasi.

“Nyathina, mwanangu, chupa yako inavuja. Inadondoka tone tone.”

“Na moto, Mama?”

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kiberiti.

“Wa buluu. Umetulia.”

Nikamwambia aiache idondoke.