SOMO LA TAWI: JINSI YA KUMWANDIKIA PROFESA WA NG'AMBO



Wengine watauliza jambo hili linakihusu nini chama cha wafanyakazi. Linatuhusu. Siku hizi watoto wetu wengi wanamaliza chuo kikuu, na baadhi ya wanachama wetu vijana wana shahada ya kwanza huku wanafanya kazi viwandani. Wanataka kuendelea na masomo ya uzamili na uzamivu katika nchi za nje, na hapo ndipo matapeli wanapowangojea.

Mwaka uliopita mama mmoja, mkata miwa na mwanachama wetu hapa Jinja, alinijia ofisini. Alitaka nimdhamini akope katika chama chetu cha kuweka na kukopa. Mwanawe ni msaidizi wa maabara kiwandani na ana shahada ya kemia. Mtu fulani mjini alikuwa amewaahidi kwamba akilipwa atamtafutia kijana profesa wa kumchukua ng'ambo. Nilimwambia mama asubiri kwanza, nikamwita kijana.

Nilipomwuliza amefanya nini mpaka hapo, alinionyesha barua pepe moja aliyowatumia maprofesa sabini kwa usiku mmoja. Haikutaja jina la yeyote. Ilisema anapenda sana elimu, anatoka katika familia maskini, naye anaomba ufadhili. Hakujibiwa hata na mmoja.

Mimi niliishia darasa la saba. Lakini nimewaandikia waajiri barua kwa miaka mingi, nami najua kwamba barua iliyoandikwa kwa kila mtu haimfikii mtu yeyote. Tulikaa pamoja, tukauliza waliotangulia, kwani asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. JUA NANI ANA MAMLAKA GANI

Kabla ya kwenda kudai, sisi hutazama kwanza ni meneja gani anayeweza kuamua. Vyuo navyo ni hivyo hivyo.

Ujerumani, kwa njia yao ya zamani ambayo bado inatumika, mwombaji wa uzamivu hutafuta kwanza profesa atakayekubali kumsimamia, kisha ndipo chuo humwandikisha. Hapo barua kwa profesa ndiyo mlango wenyewe.

Marekani, mara nyingi huamua kamati ya idara. Profesa hawezi kukupa nafasi peke yake, lakini katika masomo ya sayansi neno lake lina uzito, maana mara nyingi yeye ndiye mwenye fedha za utafiti za kumlipa mwanafunzi. Idara nyingi hufunga maombi mwezi wa Desemba au Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Kwa hiyo barua iandikwe tangu Agosti hadi Oktoba.

Uholanzi, Sweden na Norway, wanafunzi wengi wa uzamivu huajiriwa na chuo kwa mkataba na mshahara. Nafasi hutangazwa kama kazi nyingine. Hapo usiombe ufadhili. Soma tangazo, uombe kazi.

Japani, anayeomba ufadhili wa serikali yao kupitia ubalozi akishinda mchujo wa kwanza, hutakiwa kutafuta barua ya profesa anayekubali kumpokea.

Lakini kwa shahada nyingi za uzamili zinazosomwa darasani, profesa mmoja mmoja hana la kuamua. Ufadhili wa Chevening, ambao serikali ya Uingereza hutoa tangu mwaka 1983 kwa uzamili wa mwaka mmoja, huchagua watu wake wenyewe. Huko kumsumbua profesa ni kupoteza wakati wake na wako.

2. SOMA KAZI YAKE KWANZA

Hatuingii katika majadiliano bila kuusoma mkataba wa hali bora. Vivyo hivyo usimwandikie profesa kabla hujasoma angalau makala mbili alizoandika karibuni. Majina ya makala hizo huwekwa kwenye ukurasa wa chuo chake. Ukikuta makala inauzwa, mwandikie mwandishi umwombe nakala. Wengi hutoa bure.

Unaposoma, jiulize: kazi hii inakutana wapi na ninayoyajua mimi? Kijana wetu alidhani hana kitu cha kumwambia profesa. Kumbe kila siku anapima maji machafu ya kiwanda, na wako maprofesa wanaochunguza jinsi mafunjo yanavyosafisha maji ya namna hiyo. Ujuzi wake wa kazi ndio uliokuwa mtaji wake, naye alikuwa ameuficha kwa kuuonea haya.

3. ANDIKA BARUA FUPI

Barua tuliyoandika ilikuwa ya Kiingereza. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Mheshimiwa Profesa (jina lake la ukoo),

Mimi ni msaidizi wa maabara katika kiwanda cha sukari nchini Uganda, na nina shahada ya kwanza ya kemia. Nimesoma makala yenu juu ya mafunjo na usafishaji wa maji machafu ya majumbani. Maji ya kiwanda cha sukari hubadilika sana. Wakati wa kusaga miwa huwa na uchafu mwingi wa sukari, na mitambo ikisimama huwa hafifu. Ningependa kufanya utafiti wa uzamivu kuona kama mafunjo yanastahimili mabadiliko hayo. Je, mnatarajia kupokea mwanafunzi mpya mwaka ujao? Nimeambatanisha maelezo ya masomo na kazi yangu, pamoja na matokeo yangu ya chuo. Nashukuru kwa muda wenu."

Tazameni barua hii. Inasema mwandishi ni nani, amesoma nini, ana swali gani, na inauliza jambo moja tu ambalo profesa anaweza kulijibu kwa mstari mmoja. Haitaji umaskini. Umaskini si aibu, lakini profesa anatafuta mtu wa kufanya naye kazi, na habari za fedha zina wakati wake.

Jambo moja la kuangalia: usitume takwimu za kiwandani bila ruhusa. Hizo ni mali ya mwajiri, na kijana anaweza kufukuzwa kazi kabla hajapata masomo. Eleza kazi yako kwa jumla tu.

Asipojibu, ngoja wiki mbili, umkumbushe mara moja kwa adabu. Akinyamaza tena, mwache, uende kwa mwingine. Hajakutukana, hupokea barua nyingi sana. Wala usiwaandikie maprofesa wawili wa idara moja siku moja kana kwamba kila mmoja ni wa pekee. Wale hukaa pamoja na huulizana.

4. PROFESA HAUZI NAFASI

Profesa wa kweli hadai fedha ili akupokee. Chuo chenyewe kinaweza kutoza ada ya maombi, nayo hulipwa kwenye ukurasa rasmi wa chuo. Vyuo vingine huisamehe kwa mwombaji anayeomba msamaha huo mapema. Yeyote anayetaka fedha mkononi au kwa simu ili akupatie profesa, mwogopeni. Anwani ya profesa ihakikisheni kwenye ukurasa wa chuo, na pasipoti msimpe mtu msiyemjua.

5. HUKO NAKO NI KAZINI

Ndugu, msidhani mwanafunzi akivuka bahari ameacha kuwa mfanyakazi. Anayefundisha madarasa na kufanya utafiti kwa malipo ana mwajiri. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, wasaidizi wa kufundisha walianzisha chama chao mwaka 1966, na mwaka 1970 wakagoma hadi wakapata mkataba. Mwezi wa Novemba 2022 wafanyakazi wa masomo wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California waligoma wakidai nyongeza ya malipo, nao waliipata.

Kwa hiyo profesa akikubali, usiseme ndiyo siku hiyo hiyo. Mwandikie mwanafunzi wake mmoja umwulize: posho inatosha kodi ya nyumba? Malipo yamehakikishwa kwa miaka mingapi? Profesa huyu huwasimamia vipi watu wake? Chama kipo? Hayo ni maswali ambayo kila mfanyakazi anayeingia kazi mpya ana haki ya kuyauliza.

Kijana wetu aliandika barua tano badala ya sabini. Wawili walimjibu. Mmoja alisema hana nafasi mpaka fedha mpya zipatikane. Wa pili alimwambia apeleke maombi idarani, naye atayasoma kwa makini. Ameyapeleka na anangoja uamuzi wa kamati. Huenda akapata, huenda akakosa. Lakini mama yake hakukopa, na akikosa mwaka huu, ataomba tena mwakani bila deni shingoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Ni ujuzi gani tulio nao kazini ambao msomi angependa kuujua?
2. Tawi lifanye nini ili vijana wapate mahali pa kusomea makala na kuandika barua?
3. Nani kati yetu amewahi kutapeliwa, na yuko tayari kuwaeleza wenzake?

Umoja ni nguvu.