Paka mwenye kisukari na maradhi mengine: anza na linaloua upesi

Katika boma nyingi za Kitui na Makueni paka aliletwa kwa sababu ya panya wa ghalani, na hakuna anayepima anachokunywa. Ndiyo maana kisukari chake huonekana kwanza kwenye maji. Paka mwenye afya hunywa kidogo mno. Ukimkuta anaramba maji ya karai la nguo, analala kando ya mtungi, na pale alipokojoa pamejaa sisimizi, usingoje akonde ndipo ushtuke. Wengine huanza kukanyaga kwa vifundo vya nyuma badala ya vidole, kwa kuwa sukari imekwisha kuharibu neva za miguu.

Lakini figo zinazochoka huleta kiu iyo hiyo. Tezi ya shingo ikizidi kazi nayo humkondesha paka huku akila kama kawaida. Katika paka mzee maradhi haya hupenda kuandamana, kwa hiyo bila kipimo cha damu na cha mkojo utakuwa unabahatisha.

Mwenye paka wa aina hii asipotezwe na wingi wa majina ya magonjwa. Ayapange kwa kasi ya kuua. Sukari iliyoshuka mno huua kwa saa. Paka aliyeacha kula, hasa mnene, ini lake huanza kujaa mafuta baada ya siku chache tu. Sukari iliyopanda huchukua majuma, ila ikiandamana na kutapika, unyonge na pumzi yenye harufu kama ya dawa ya kuondoa rangi ya kucha, mambo hubadilika. Hapo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Figo huchukua miezi, pengine miaka. Mambo mawili yakigongana, lile la upesi ndilo lisikilizwe kwanza.

Madaktari wengi wa mifugo huku kwetu siku yao huishia kwa ng'ombe, mbuzi na punda. Si aibu kumuuliza daktari kama amewahi kumtibu paka kwa insulini, na kama hajawahi, yuko radhi kushauriana na wenzake wa Kabete, kilipo kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakikisha pia amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Sheria ya mwaka 2011 inatenganisha daktari na wahudumu wasaidizi, na muuzaji wa agroveti, hata awe mkarimu vipi, huenda asiwe yeyote kati yao. Safari yenyewe ya kwenda kwa daktari humpandishia paka sukari kwa hofu. Kipimo kimoja kilichochukuliwa baada ya matatu kutoka Mwingi hakitoshi kumhukumu. Mwombe daktari atazame mkojo pia, au kipimo cha fruktosamini kinachoonyesha hali ya majuma yaliyopita.

Insulini anayoandikiwa paka kwa kawaida ni ya binadamu, na glajini ndiyo ambayo madaktari wengi wa paka huipendelea. Ile ya mchanganyiko wa 70/30 aliyo nayo nyanya kwenye friji si badala yake. Usiikope, hata ya siku moja: haimfai paka vizuri, na nyanya anaihitaji.

Sasa tazama bomba la sindano kwa makini, maana hapa ndipo ajali hutokea. Insulini ya binadamu kwa kawaida ina yuniti 100 kwa mililita, ya mifugo nyingi ina 40, na kila moja ina bomba lake. Ukivuta ya 100 kwa bomba la 40 hadi alama ya 2, umempa paka yuniti 5. Paka wengi huanzia yuniti 1 au chini yake, mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili zikipita katikati. Mabomba mengi ya mililita moja yana mstari kila baada ya yuniti 2, kwa hiyo yuniti moja ni nusu ya nafasi kati ya mistari, na jicho halina uhakika hapo. Tafuta bomba la mililita 0.3 lenye alama za nusu yuniti, hata kama ni la kuagiza Nairobi. Inua ngozi ya ubavuni, si ya shingoni, udunge chini yake. Dawa ikimwagika kwenye manyoya au ukiwa na shaka kama imeingia, usirudie. Dozi moja iliyokosekana haiui. Dozi mbili zilizopandana zinaweza kuua.

Joto la Kibwezi na Makindu huwatia watu wasiwasi kuhusu dawa, hasa pasipo na friji. Chupa isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Kwa ile inayotumika kuna habari njema kutoka Kenya yenyewe: shirika la MSF na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, wakaiga joto hilo maabara, na mwaka 2021 wakachapisha matokeo kwamba insulini za binadamu walizojaribu zilikaa wiki nne kati ya nyuzi 25 na 37 bila kupoteza nguvu. Hiyo haina maana ya kuiacha dirishani. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, ujaze mchanga wa mtoni katikati, uuloweshe asubuhi na jioni, ufunike kwa kitambaa kibichi, na uweke kivulini penye upepo. Hewa kavu ya Ukambani huufanya mpango huu ufanye kazi vizuri kuliko ungefanya Mombasa. Chupa itiwe kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Glajini ikipata ukungu, itupe. Kwenye bodaboda iwe karibu na mwili wako, isifungwe nyuma kwenye jua, wala isigusane na barafu.

Chakula ndicho kinachobadilisha mambo kuliko chochote baada ya sindano. Paka wa huku hulishwa ugali kwa maziwa, au mabaki ya muthokoi, yaani wanga mtupu kwa mnyama aliyeumbwa kula nyama. (Panya wale anaowakamata ghalani ni mlo bora kuliko tunaompa, mradi hakuna jirani aliyetega sumu.) Mpe kuku, mayai yaliyochemshwa, moyo na maini kidogo, bila chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu huharibu damu ya paka. Lakini mwambie daktari kabla ya kubadilisha. Ukitoa ugali na kuacha dozi palepale, sukari inaweza kuporomoka.

Ikiwa figo pia ni mbovu, ushauri unabadilika kidogo. Fosforasi ndiyo adui, na imejaa mifupani, kwa hiyo omena mzima mzima aache, nyama iwe bila mfupa, na supu isiyo na chumvi iongezwe apate maji. Ipo mizozo kuhusu kiasi cha protini. Mimi nasema chakula kizuri kwa figo ambacho paka hakigusi ni kibaya kuliko kile kisichofaa anachokula.

Kwa hiyo utaratibu wa kila asubuhi na jioni ni mmoja: ale kwanza, ndipo sindano. Asipokula au akitapika, usimpe dozi ya kawaida; piga simu. Mashine ya sukari ya binadamu inatosha, ingawa kwa paka husoma chini kidogo ya ukweli. Pasha sikio kwa pamba ya maji vuguvugu, paka mafuta ya kujipaka pembeni ili tone lisimame, kisha choma ukingo. Mwanzoni, ukipata chini ya milimoli 11 kwa lita kabla ya sindano, uliza kabla ya kudunga. Si lazima asome 6 kila saa: paka anayekaa kati ya 5 na 15 sehemu kubwa ya siku, anakula na hapungui, yuko vizuri.

Akiyumba, akitetemeka, akikodoa macho au akianguka, usitafute mashine. Hapa ndipo asali ya Kitui inapopata kazi nyingine. Chovya kidole humo, uipake kwenye ufizi wa nje, kidogo kidogo, bila kumimina kooni wala kuingiza kidole kati ya meno. Akizinduka mpe chakula, kisha mpeleke kwa daktari, hata akionekana mzima. Chupa ndogo ya asali ikae pamoja na sindano daima. Siku nyingine zote asiionje.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba magonjwa ya pembeni huibadilisha dozi yenyewe. Jino lililooza, mkojo wenye maambukizi au kongosho lililovimba huifanya insulini isishike, na watu hukimbilia kuongeza yuniti. Siku jino linapong'olewa, dozi ile ile inakuwa kubwa mno. Figo zikidhoofika, insulini nayo huweza kukaa mwilini muda mrefu zaidi. Basi kila tiba nyingine inapoanza au kwisha, pima mara nyingi zaidi wiki hiyo. Wako paka ambao baada ya miezi michache hawahitaji sindano tena, na wanaoendelea kudungwa kwa mazoea ndio huanguka.

Kataa sindano ya deksamethasoni ya kutuliza mwasho wa ngozi kabla ya kusema paka ana kisukari, na ile ya kuzuia uzazi pia. Zote hupandisha sukari. Panadol usimpe hata kipande, humuua. Ukiwa na ndugu Marekani atakayejitolea kukutumia dawa za kumeza za kisukari cha paka, zilizoidhinishwa huko Desemba 2022 na Agosti 2023, mshukuru na umkatalie: hazikukusudiwa paka mwenye figo, ini au kongosho linalougua, wala aliyekwisha kuanza insulini.

Daftari moja litundikwe jikoni: alichokula, maji, kipimo, dozi, na jina la aliyedunga, ili baba na mtoto wasidunge wote jioni moja. Uzito pimeni kila wiki kwa mizani ya duka, paka akiwa ndani ya kiondo, kisha kiondo peke yake. Sindano zilizotumika zitieni kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na ikijaa mwulize muuguzi wa zahanati kama ataipokea pamoja na zake.